Hodi Kabla ya Mkono: Historia ya Ukaribu na Umbali Katika Pwani Yetu



Wiki iliyopita dada mmoja anayejiandaa kuolewa aliniuliza swali ambalo nilidhani ni dogo. Harusi imekaribia, ukumbi umelipiwa, nguo ipo kwa fundi. Kinachomkosesha usingizi ni jambo moja. Kwenye harusi ya ndugu yake alimwona mpiga picha akimshika bi harusi kidevu, akamgeuza uso, akamsogeza bega, na hakuna aliyesema neno. "Sasa mimi nikimwambia asinishike," ananiuliza, "nitaonekana nina maringo?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Kisha nikakumbuka siku yangu ya kwanza Mwera, nikaona jibu lina historia ndefu, na historia yenyewe si yote ya kujisifia. Kaeni kitako nikusimulieni.

Mlango wa nyuma

Mimi mtoto wa Unguja, na sisi tukisikia Mwera fikra zinakwenda Mwera yetu ya hapa kisiwani. Kwao mume wangu ni Mwera nyingine, ya wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga. Siku zile ulifika Pangani mjini, ukavuka mto kwa kivuko mpaka Bweni, kisha ukaendelea kusini. Siku hiyo kivukoni tulijaa: watu, baiskeli, pikipiki, ndoo za samaki. Wanawake tulisimama bega kwa bega, mtoto wa mtu nisiyemjua kalalia mkoba wangu, na hakuna aliyeona tabu.

Tulipofika nyumbani, barazani wamekaa wazee wanne. Nikapiga hodi, nikawaamkia. Mmoja akaitikia vizuri, bila ya kunikazia macho, akasema, "Marahaba mwanangu. Wewe pita nyuma." Mume wangu akaingia mlango wa mbele, mimi nikazunguka ubavuni mwa nyumba, moyo umenifura. Bi harusi mpya, zawadi mkononi, napitishwa nyuma kama muuza mkaa!

Mama mkwe aliponiona uso, akajua. Akanikalisha kwenye mkeka wake pale uani, goti langu likagusa goti lake, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akasema: "Mgeni ndiye anayepita mbele, mama. Anakaa ukumbini, anakunywa chai, anaondoka. Anayepita uani ni mtoto wa nyumba."

Nikanyamaza. Nilichodhani ni kusukumwa mbali, kumbe ndiyo kuvutwa karibu.

Kipimo cha rula na kipimo cha mlango

Mwaka 2020, wakati wa korona, sote tulijifunza kuhesabu mita moja kati ya mtu na mtu. Lakini kuna watu walioanza kupima umbali huo zamani. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Edward T. Hall, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1966. Aliugawa umbali wa wanadamu katika mafungu manne: mpaka sentimita 45 ni wa watu wa ndani kabisa, kama mama na mtoto au mke na mume, kutoka hapo mpaka mita 1.2 ni wa marafiki. Kutoka mita 1.2 mpaka 3.6 ni wa watu wa kazini na wa kufahamiana tu. Zaidi ya hapo ni wa hadhara. Mwenyewe alitahadharisha kwamba vipimo hivyo alivitoa kwa Wamarekani wa tabaka la kati, na kwamba watu wengine wana vyao.

Na kweli wana vyao. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 uliwauliza watu karibu 9,000 katika nchi 42 wanapenda mtu asimame wapi wanapozungumza naye. Waajentina walikuwa miongoni mwa wanaoruhusu watu wasogee zaidi, na Waromania wakamweka mgeni mbali kuliko wote. Wasaudia walimweka hata rafiki mbali zaidi kuliko Waajentina wanavyomweka mtu baki. Na kwa jumla, wanawake walitaka nafasi kubwa kuliko wanaume. Hilo la mwisho sidhani kama kuna mwanamke aliyehitaji utafiti kulijua.

Lakini ukiichukua rula hiyo ukaenda nayo Mwera itakupoteza. Kwenye kivuko tungehesabiwa sote ni watu wa ndani, na hatukujuana majina. Baba mkwe wangu, ambaye siku za mwanzo alizungumza nami kupitia ukuta wa ukumbi, angehesabiwa mtu wa mbali. Naye ndiye aliyeamka usiku kunitafutia gari nilipougua. Pwani yetu umbali umejengwa ndani ya nyumba zenyewe. Kuna baraza, ambapo mpita njia yeyote anaweza kukaa. Kuna ukumbi, wa mgeni aliyekaribishwa. Kuna ua, ambako wanawake wanapika, wanasukana, wanacheka kwa sauti. Kuna chumba. Lamu kwenye nyumba kubwa za mawe walijenga hata vyumba vya juu vinavyovuka njia, viitwavyo wikio, vikiunganisha nyumba na nyumba bila ya mtu kushuka barabarani.

Kila hatua ina ufunguo mmoja, nao ni hodi. Neno dogo, lakini angalia linavyofanya kazi. Anayesema hodi anakiri kwamba pale si pake mpaka aruhusiwe. Anayesema karibu ndiye mwenye uamuzi. Na asiyejibiwa anarudi.

Adabu hii imeshika mizizi kwetu kwa sababu dini imeikalia juu yake. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, waumini wanaamrishwa wasiingie nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe, na aya inayofuata inasema ukiambiwa rudi, basi rudi. Aya ya 58 inaingia ndani zaidi: hata watoto na watumishi wa nyumba ile ile waombe ruhusa nyakati tatu, kabla ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya isha. Na iko hadithi sahihi ya mtu aliyechungulia kwa tundu nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Mtu yule hakuingia wala hakugusa kitu, akakemewa vikali, akaelezwa kwamba ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Lishikeni neno hilo la jicho, nitalirudia nikifika kwenye kamera.

Pangani, Mfungo Tatu, 1888

Kizingiti kikivukwa bila ya hodi mji mzima unaweza kuwaka. Pangani inajua.

Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said wa Unguja alitia saini mkataba ulioiruhusu Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuisimamia pwani ya Mrima kwa jina lake. Agosti wakala wa kampuni wakaingia mijini kushika madaraka. Pangani alikwenda Emil von Zelewski. Liwali wa mji, Abdulgawi bin Abdallah, akakataa kumtii bila ya amri ya Sultani. Zelewski akaita msaada, na askari wa majini wakashuka kutoka manowari ya Kijerumani, Carola.

Zilikuwa siku za Idi ya Mfungo Tatu, watu wamevaa, wamechinja, wanatembeleana. Wajerumani wakamsaka liwali mpaka nyumbani kwake, na katika msako huo Zelewski akaingia msikitini na viatu vyake na mbwa wake, watu wakiwa katika ibada.

Vita vilivyofuata vilikuwa na sababu nyingi: ushuru, biashara, ardhi, nani awe na amri mjini. Lakini kisa cha viatu na mbwa ndicho kinachorudiwa sana kila historia hii inaposimuliwa, na mimi naona sababu yake. Ushuru mtu anaweza kubishana nao. Mtu anayeingia pahala pako pa kusujudia bila ya hodi amekwisha kukuambia kwamba kwake wewe huna mlango.

Septemba watu wa Pangani wakawazingira Wajerumani ndani ya nyumba yao, mpaka akaja Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani, kuwatoa. Upinzani ukaenea pwani nzima, na jina lililong'ara ni la Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa huko huko Pangani. Hermann Wissmann akaletwa na jeshi mwaka 1889, akauteka mji mwezi wa Julai, na tarehe 15 Disemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa Tanga, alivitungia vita hivyo utenzi mzima. Zelewski naye aliuawa Lugalo, Agosti 1891, alipokwenda kuwavamia Wahehe wa Mkwawa.

Wasiokuwa na mlango

Hapa ningeweza kumaliza, tukapiga vigelegele, tukasema wazee wetu walijua heshima. Lakini nisingekuwa mkweli.

Shamba la miwa la Abushiri lililimwa na watumwa, kama yalivyokuwa mashamba mengine mengi ya bonde la Pangani. Na mwanamke mtumwa hakuwa na ua wala hodi. Yeye ndiye aliyetoka kisimani, shambani na sokoni ili bibi yake asitoke. Lamu na Mombasa kulikuwa na shiraa, kitambaa kikubwa kama hema ambacho bibi wa ukoo alitembea ndani yake asionekane na mtu. Nilipokuwa mdogo nikielezwa habari hiyo niliona uzuri wake tu. Ukubwani ndipo nilipouliza: miti ya hema ile ilishikwa na nani? Ilishikwa na watumwa, nao walikuwa nje, nyuso zao kwa kila mpita njia. Sitara ya mmoja ilibebwa na mikono ya wengine.

Mbaya zaidi ilikuwa usiku. Mtumwa wa ndani hakuweza kumwambia bwana wa nyumba "rudi". Dini haikunyamaza juu ya wanawake hawa: Suratun-Nur hiyo hiyo, aya ya 33, inakataza kuwalazimisha vijakazi kwenye uzinzi kwa ajili ya kutafuta mali, na inahimiza kuwaandikia uhuru wanaouomba. Watu wengi waliisoma aya ya 27 mara nyingi kuliko ya 33.

Ilipotoka amri ya Unguja ya tarehe 6 Aprili 1897 ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria, masuria hawakuingizwa. Walihesabiwa kama wake, ikasemwa nyumba zisivurugwe. Iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1909 ndipo nao waweze kudai uhuru wao. Fikirini: wanawake waliokuwa karibu kabisa na mwili wa bwana ndio waliofikiwa mwisho. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Na walipokuwa huru walifanya nini? Hapa ndipo moyo wangu hulainika. Waliokuwa wakivaa kaniki na merikani walinunua kanga za rangi, na buibui lilipoingia pwani mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao walilivaa. Leo mtu wa mbali huona buibui akasema ni mwanamke aliyefungiwa. Bibi yule aliyekatazwa kujifunika kama bibi yake aliliona kwa jicho jingine. Kwake ulikuwa mlango, na kwa mara ya kwanza ufunguo uko mkononi mwake.

Hata baada ya utumwa, nafasi ya mtu iliendelea kuwa ya wenye uwezo. Mwaka 1893 mkonge uliletwa na Richard Hindorf ukapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutoka hiyo ikaenea Tanga nzima. Mashamba yakaleta watu kutoka mbali, yakawaweka kambini, chumba baada ya chumba kwenye safu moja. Mama aliyelea watoto katika chumba kimoja cha kambi, bila ya ua, alipataje kuifuata aya ya nyakati tatu? Alitundika kanga katikati ya chumba. Kanga ile ndiyo iliyokuwa ukuta wake, na watoto wakafundishwa kupiga hodi kwenye kitambaa.

Bi harusi na jicho la kamera

Sasa turudi kwa dada yetu na swali lake.

Harusi za pwani zilikuwa safari ya kupunguza umbali taratibu. Posa ilikuja kwa wazee, tena barazani. Mwari alikaa ndani na somo yake, akasingwa, akapakwa hina, na mikono iliyomgusa ilikuwa ya wanawake wanaomjua. Nikaha ikafungwa. Hata hapo, bwana harusi alisimamishwa mlangoni na wanawake, akadaiwa kipa mkono na vicheko vyake, ndipo akafunguliwa. Tunaichukulia kama mchezo, lakini ilimfundisha mwanamme jambo: hata mke wake halali anafikiwa kwa hodi. Somo aliyejua kazi yake alimwambia hayo mwari pia, kwamba ndoa haikumnyang'anya ulimi wa kusema ngoja.

Siku hizi tumeyabakiza mapambo tukaiacha maana. Mwari amefichwa wiki nzima, kisha jioni moja anapandishwa jukwaani, na mtu asiyemjua anamshika kidevu kwa sababu ana kamera. Mimi mwenyewe yalinifika. Kwenye harusi yangu mpiga picha, mwanamme, alinishika mabega akanigeuza kama anageuza kochi. Sikusema kitu. Nilitabasamu, na picha ni nzuri kweli, na mpaka leo nikiitazama mabega ndiyo ninayoyaona.

Kwa hivyo, mdogo wangu, jibu langu ni hili. Huna maringo. Unapiga hodi kwa niaba ya mwili wako mwenyewe, nao ni nyumba yako. Haya ndiyo ninayokushauri:

Mpate mpiga picha mwanamke ikiwezekana. Visiwani wapo, na Tanga wapo. Ikiwa ni mwanamme, mapatano yafanyike kabla, na shangazi au kaka yako, si wewe uliyekaa kwenye kiti umejaa hina mpaka kwenye viwiko: anaelekeza kwa maneno, na kinachotaka kurekebishwa anarekebisha dada yako.

Mchague mwanamke mmoja mwenye sauti awe mlinzi wa mlango wako siku hiyo. Kazi yake ni kusema "hapana" kwa tabasamu ili wewe usiseme.

Simu nazo ni jicho. Aliyechungulia kwa tundu hakugusa kitu, na bado alikemewa. Anayekurikodi umevua ushungi katikati ya wanawake wenzako, kisha akairusha kwa watu mia tatu, amevunja mlango. Tangazo litolewe mapema, na simu zikusanywe kama familia itaafiki.

Wajomba na marafiki wa bwana harusi watakaonyoosha mikono, weka mkono kifuani, inamisha kichwa, toa salamu kamili. Mwenye adabu zake ataelewa. Asiyeelewa ataelezwa na mlinzi wa mlango.

Wala usiwe baridi kwa kila mtu. Mama mkwe akikukumbatia, kumbatiwa. Bibi akikushika mashavu mawili akakulilia, muachie. Heshima yetu haijawahi kuwa ya kukaa mbalimbali. Wanawake wa kivukoni na wa mkekani wanakaribiana mpaka mtu hajui mguu huu wa nani.

La mwisho, na hili ndilo zito. Ukishaingia nyumbani kwako, huenda ukawa na dada wa kazi. Analala wapi? Kama ni stoo isiyo na komeo, ambapo kila mtu anafungua kuchukua unga saa yoyote, basi jua kwamba bado tunashikisha watu miti ya shiraa. Mtilie komeo mlangoni, na ligeukie upande wake. Wafundishe wanao, na umwambie mume wako: kwenye chumba kile pia hupigwa hodi, na asipojibu, mnarudi. Sitara isiyomfikia mnyonge wa nyumba ni pambo tu.

Allah atujaalie nyumba zenye hodi na karibu, na azijaze ndoa zenu mapenzi na huruma. Amin.

Na wewe utakayeolewa Mwera ya Pangani, ukiambiwa pita nyuma, pita mama. Usinune kama mimi.